Sura ya Sita: Pweza Anayehesabiwa kwa Maganda

Saa nne kasorobo asubuhi simu ya Inspekta ililia, na aliyekuwa upande wa pili hakupoteza muda kusalimia.

"Afande, nina mashine moja ya kupumulia na wagonjwa wawili," alisema Daktari wa chumba cha mahututi. "Yule msichana wako wa samaki hajapepesa jicho tangu jana. Nikimmulika tochi, mboni hazisogei. Nikimfinya, hashtuki. Chumba cha pili kuna mama aliyetoka kupasuliwa, mapafu yanagoma. Saa saba tunakaa madaktari watatu. Kama hujaniletea kitu, tunamtoa huyu, tunamweka yule."

"Unataka kitu gani?"

"Sumu gani. Maabara wamepima chai, wamepima damu, hawajaona kitu wanachokijua. Kama ni sumu inayotoka yenyewe mwilini, nitamsubiri hata wiki. Kama ni ubongo umekufa, nasubiri nini? Na usiniletee kubahatisha, tafadhali. Nataka mtu aniambie: kilichomwingia ni hiki, na kimeingilia hapa."

Akakata simu. Inspekta akatazama saa ya ukutani. Alikuwa na masaa matatu na robo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, viatu vya chini, mkoba mkubwa wenye kila kitu ndani yake mpaka sindano na uzi. Askari wenzake walimwogopa kwa sababu moja: hakuwa akipandisha sauti. Mtu anayegomba unajua amefika wapi. Huyu hukujua.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana saa mbili asubuhi, katika Jumba la Viumbe vya Bahari, msichana wa miaka ishirini na minne alikuwa anaosha makombe ya baharini. Wote walimwita Kipenzi, jina alilopewa na mama yake tangu yuko mgongoni, na likamfuata mpaka kazini. Makombe hayo huwekwa juu ya meza ili watoto wa shule wayashike na kuyasikiliza. Katikati ya kuosha, Kipenzi alimwambia mwenzake, "Midomo yangu inakufa ganzi, mbona?" Wakacheka. Dakika kumi baadaye magoti yakamwisha nguvu, kisha ulimi, kisha pumzi. Ambulensi ilimkuta mwenzake anampulizia mdomoni. Bila huyo, angeingizwa hospitali kwa mlango wa nyuma, ule wa maiti.

Na pale mezani palikuwa na chupa ya chai aliyoletewa na mumewe.

Mume huyo alimletea mkewe chai kila siku ya Mungu. Jirani wasiojua wangesema ni mapenzi. Wenye kujua walisema anazuia mwanaume mwingine asimnunulie. Alikuwa na tabia ya kujibanza nyuma ya milango na kuchungulia mkewe anaongea na nani, hivyo wafanyakazi wakampa jina la Chabo. Tangu jana mchana Chabo yuko mahabusu, na mkuu wa kituo alikuwa amefurahi. "Mume mwenye wivu, chai, mke kalala. Hii kesi imejipika yenyewe, Inspekta. Wewe pakua tu."

Lakini chai ilikuwa safi. Maabara wamesema.

Inspekta akamwita Koplo, kijana mrefu mwenye mdomo usiotulia, wakashuka mahabusu.

Chabo alikuwa amekaa sakafuni, kofia nyekundu ya sufu ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama," alisema. "Amekufa?"

"Marahaba. Hajafa. Simama. Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Koplo, mfungulie aende nyumbani, kwa vile ndiko anakosema ukweli akiwa. Hapa naona anatuchosha."

Koplo akacheka. Chabo akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Nilikuwa mle jumbani, mama. Nilijificha."

"Ukajificha kufanya nini, bwana?" Koplo aliuliza. "Kuhesabu samaki?"

"Kuna fundi wa pampu. Mke wangu akimwona, anacheka meno yote nje, mpaka magego. Nikasema leo nitawakuta. Saa kumi na mbili, wageni wametoka, nikajibana nyuma ya tangi moja. Kofia ikanasa kwenye waya, nikaivuta, uzi ukakatika ukaanguka majini."

"Tangi gani?"

"La kaa kaa hivi. Ana majani mgongoni kama kichaka."

"Ukaona nini?"

"Sikuona. Nilikuwa nimeinama. Nikasikia kufuli linafunguliwa mbele yangu pale, tak. Mfuniko ukainuliwa. Maji yakadondoka, ti, ti, ti, kama mtu anatoa kitu taratibu. Nikajua ni wao sasa! Nikainua kichwa, taa ikazimwa. Viatu vikaenda zao."

"Viatu vya kike au vya kiume?"

"Vya mpira vile vya kazini. Wote wanavaa hivyo hivyo, mama."

"Na kwa nini jana hukusema?"

Chabo alijifuta pua kwa mkono. "Ningesemaje kwamba mwanaume mzima nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaa?"

Walipotoka Koplo alisema, "Anadanganya, afande. Ameenda pale kuweka kitu."

"Anaweza akawa anadanganya. Twende tukamuulize kaa."

*

Jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni. Getini palikuwa na picha kubwa mpya, mita mbili nzima: Kipenzi anacheka, mkono wake ndani ya maji, pweza mkubwa amemzungushia mikono yake kama bangili. Chini wameandika, "Karibu, nikuonyeshe maajabu." Inspekta aliitazama kidogo akapita.

Aliyewapokea ndani alikuwa dada yake Kipenzi, tumbo moja. Jumba zima walimwita Dada, hata waliomzidi umri, kwa sababu hakuna mfanyakazi pale ambaye hakufundishwa kazi naye. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwembamba, macho mekundu ya kukesha. Usiku kucha alikuwa hospitalini na mama yao. Asubuhi alikuja kulisha wanyama.

"Pole, dada," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa. Hawa hawajui kwamba kuna mgonjwa. Wanajua njaa tu."

"Tutembeze. Anza mlangoni, kama unatembeza wageni."

Dada akawatembeza. Na alipoanza kusimulia, ule uchovu ulimtoka mwilini. Aliwaonyesha jongoo bahari, kitu kama soksi imejaa mchanga, akawaambia kuna samaki mwembamba anayefanya nyumba ndani ya tumbo lake, na mlango anaopitia ni ule wa nyuma, anarudi kinyumenyume.

"Huko huko?" Koplo aliuliza.

"Huko huko."

"Na jongoo anakubali?"

"Atafanyaje? Lazima apumue, na anapumulia hapo hapo. Akifungua kupumua, mgeni kaingia."

"Afande, mimi nikilalamika nyumba ya kupanga, nikumbushe huyu."

Kwenye tangi la tatu samaki wadogo wa rangi ya chungwa walikuwa wanacheza ndani ya kiumbe chenye mikono inayowasha. Dada akasimama hapo kwa muda kidogo.

"Hawa wana mpangilio," alisema. "Mkubwa kuliko wote ni jike, ndiye mama mwenye nyumba. Anayemfuatia ni dume wake. Wengine wote nyuma wanasubiri. Jike akifa, yule dume anageuka anakuwa jike, anashika nafasi. Na anayefuata anapanda. Kila mmoja anajua zamu yake. Mdogo hata siku moja hamruki mkubwa."

"Na akijaribu kumruka?"

"Wanamfukuza. Huko nje anakoenda, analiwa." Alisema bila hasira yoyote, kama anavyosema kiasi cha chumvi.

Tangi la nne lilikuwa na samaki mwenye mistari ya buluu na nyeusi. "Huyu ni tapeli. Kuna samaki mwingine anafanana naye, yule ndiye mwenye kazi. Anasafisha samaki wakubwa, anawatoa wadudu mpaka mdomoni. Samaki wakubwa wanampenda, wakimwona wanatulia. Sasa huyu amevaa rangi za yule na kuiga mwendo wake. Samaki mkubwa anatulia, anajua anasafishwa. Huyu anamng'ofoa nyama, anakimbia." Akafuta kioo kwa kiganja. "Kazi ya mwenzako ukiivaa vizuri, hakuna anayekuuliza ulijifunzia kwa nani."

Inspekta hakumngoja. Alikuwa ameshafika tangi la tano.

Ndani yake kulikuwa na kaa wa ukubwa wa kikombe. Hukuweza kuliona gamba lake kwa mapambo: majani ya baharini, vipande vya sifongo, vinyweleo vya kijani. Na katikati ya mgongo, kama mtu aliyechomeka ua, kishungi cha uzi mwekundu wa sufu.

"Mgongoni ana vinyweleo vimepinda kama ndoano," Dada alisema. "Chochote laini akikiona anakikata, anajichomeka nacho. Anajificha asionekane. Huo uzi sijui ameutoa wapi."

"Mimi najua," Inspekta alisema. Akageuka akaipa mgongo kona ya tangi, pale waya ulipokuwa umejitokeza, akainama kama Chabo alivyoinama. Mbele ya uso wake, hatua mbili tu, lilikuwepo tangi dogo lenye mfuniko wa chuma na kufuli. Juu yake kibao: USIGUSE. USIFUNGUE PEKE YAKO.

Kwa hiyo Chabo alikuwa pale kweli, na alichosikia alikisikia.

"Humo kuna nini?"

"Pweza. Mdogo, anakaa kiganjani. Ana pete za buluu, lakini huzioni mpaka akasirike."

"Anauma?"

Dada alijaribu kufuli kama limefungwa. "Wote wanauma, mama, ukiwaudhi."

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Meneja yuko safarini wiki ya pili, wake umo ndani ya sefu. Mmoja wangu. Mmoja wa Kipenzi."

"Tangi hili lilifunguliwa juzi jioni?"

"Hapana. Angalia daftari la zamu. Jana alfajiri amehesabiwa, yupo."

*

Mlinzi wa zamu ya alfajiri aliletwa na daftari lake. Mzee mfupi, tochi kiunoni kama bastola.

"Umeandika hapa: pweza mdogo yupo, kala kaa mmoja," Inspekta alisoma. "Ulimwona?"

"Nimuone wapi, afande? Huyo ana mwaka na nusu hapa, mimi nimemwona mara mbili. Anaingia kwenye mtungi wake, basi."

"Sasa ulijuaje yupo?"

"Maganda. Tumefundishwa hivyo. Pweza akila kaa anatupa maganda nje ya mlango wake. Asubuhi unamulika, ukikuta maganda mapya, unaandika yupo, kala. Mimi nahesabu vyombo vichafu, simhesabu mgeni mwenyewe."

"Nani aliwafundisha?"

"Dada," mzee alisema, akimwonyesha kwa kidevu kwa heshima zote.

"Na baada ya jana alfajiri, nani amesafisha tangi hili?"

"Hakuna. Haruhusiwi mtu isipokuwa hao ndugu wawili, na wote walikuwa hospitali."

Inspekta akaomba tangi lifunguliwe. Dada akavua ufunguo shingoni, akafungua. Tak. Harufu ikatoka, harufu ya kitu kilichoanza kuoza. Inspekta akatoa kibanio kirefu ukutani, akakizamisha taratibu, akaibua ganda la kaa, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Akavipanga juu ya gazeti kwenye meza ya jiko la wanyama.

"Koplo, uliwahi kula kaa?"

"Nikialikwa."

"Huo mguu umeliwa?"

Koplo akaubinya. Nyama nyeupe, laini, yenye harufu, ikachomoza mwishoni kama dawa ya meno.

"Umejaa, afande."

"Na hapa ulipokatikia?"

"Pamenyooka. Kama mkasi."

"Pweza hana mkasi," Inspekta alisema. "Mzee, yeye akila inakuwaje?"

Mlinzi alikuwa amekunja uso. "Anafyonza, afande. Unakuta ganda jepesi, safi, hata sisimizi hapati kitu. Hii... mimi nilimulika kwa mbali. Niliona maganda nikaandika." Sauti ikamshuka. "Niliandika tu."

"Hukukosea wewe peke yako. Nenda kapumzike."

Inspekta akaenda kusimama mbele ya tangi, mikono nyuma. Mtu amemkata kaa kwa mkasi, akamwaga vipande mle ndani, ili alfajiri mlinzi aandike pweza kala. Kwa nini umlishe kwa uongo mnyama aliyepo? Aliyepo si atakula mwenyewe? Chakula cha uongo anawekewa ambaye hayupo. Juzi jioni kufuli lilifunguliwa, pweza akatolewa. Jana alfajiri hakuwepo.

"Dada, nionyeshe kama yupo sasa."

Dada alichukua kaa mdogo mzima kutoka ndoo ya chakula, akamshusha. Mdomo wa mtungi ukatikisika. Kitu cha rangi ya udongo kikatoka kwa haraka ambayo jicho halikuifuata, kikamfunika kaa, na mwili wote ukawaka pete za buluu, buluu ya kuumiza macho, zikawa zinapigapiga kama taa za gari la polisi.

"Mama yangu," Koplo alisema, akarudi nyuma.

"Ana njaa ya siku mbili," Inspekta alisema polepole. "Juzi hakula. Jana hakula. Lakini amerudi nyumbani."

Akatoka nje mpaka kwenye bomba la kuoshea ndoo, akampigia Daktari. Akamweleza mnyama alivyo, pete, ukubwa, rangi. Akasikia kurasa zinafunuliwa, vitufe vinabonyezwa. Dakika tano nzima. Saa ya mkononi ilikuwa inasema saa sita na dakika ishirini.

"Afande?" Sauti ya Daktari ilikuwa imebadilika. "Kama ni huyo, sumu yake inafunga misuli yote. Macho, ulimi, kifua, vyote. Ubongo haiugusi. Anayeumwa na huyu mara nyingi hata hasikii maumivu. Ukimwangalia utasema amekufa, kumbe yuko ndani, macho, anasikia. Ukimpumulia siku moja, siku mbili, sumu inatoka anaamka mzima."

"Basi mwache kwenye mashine."

"Siwezi kwa 'kama', nimekwambia. Wenzangu wawili wanasema ubongo umekwenda, na yule mama mwingine anaishiwa. Nipe jeraha. Mikono ya huyu msichana ina makovu ya kazi hamsini, nimetazama mpaka nimechoka. Nipe mahali, nitakata nyama nipime, nitasimama mbele yao."

*

Inspekta alirudi jikoni kwa wanyama, akamwambia Koplo asimame mlangoni, akavuta kiti akakaa mbele ya Dada. Kati yao ilikuwa meza ya bati, na kwenye msumari ukutani mikasi miwili ya kazi.

"Saa saba wanamzima mdogo wako," alisema.

"Nimesikia. Mama ameniambia."

"Umemtoa pweza juzi saa kumi na mbili. Ulimweka wapi?"

"Sikumtoa mimi."

"Meneja yuko safarini. Kipenzi hawezi kujiwekea mwenyewe nyoka mfukoni. Imebaki shingo yako."

"Mume wake anaweza kuiba ufunguo wake. Yule ana wivu, kila mtu anajua."

"Ana wivu, ndiyo. Ndiyo maana alikuwa amechuchumaa nyuma ya kaa akakusikia. Lakini Chabo hajui pweza anahesabiwa kwa maganda. Wewe ndiye uliyewafundisha wenzako kuhesabu hivyo. Na aliyemtoa, baada ya mdogo wako kuanguka, watu wanapiga kelele, wanakimbia, yeye akapata moyo wa kumrudisha mnyama nyumbani asife. Nani anampenda yule pweza kiasi hicho?"

Dada akatazama mikasi ukutani. Nje pampu zilikuwa zinavuma.

"Picha ya getini imewekwa lini?" Inspekta aliuliza.

"Wiki iliyopita." Kisha, kama mtu aliyekanyaga mwiba: "Yule pweza mkubwa wa kwenye picha, mimi ndiye nilimfuga tangu akiwa kama punje. Mimi nilimzoesha mkono. Siku ya kupiga picha, mpiga picha akasema, 'Huyu mwingine hapana, leteni yule mwenye tabasamu.' Na mwezi ujao ndiye anakuwa msimamizi. Mimi nikamwombea kazi hapa, mimi nikamfundisha, na mimi ndiye nitamwandikia ripoti."

"Na nyumbani?"

Mwenye watoto wawili asome hapa polepole.

"Nyumbani!" Dada alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Umewahi kusikia mkubwa anavaa nguo kuukuu za mdogo? Alikuwa mnene, anapita mwili wangu. Yeye ananunuliwa, zikimbana napewa mimi. Nikifaulu, Mama anasema, 'Hongera, sasa msaidie na mwenzio.' Yeye akifaulu, jirani wanaitwa. Nikikaa naye kwenye kochi, Mama akiingia anapita mbele yangu anamshika yeye kichwa. Siku zote. Mkono ule ule unanipita. Siyo kwamba ananichukia, mama. Ananipita tu."

"Juzi ulitaka nini?"

"Aogope. Apige kelele mbele ya watoto wa shule, aaibike."

"Kile kibao cha USIGUSE ni mwandiko wa nani?"

Dada akafumba macho.

"Ni wako," Inspekta alisema. "Ulijua ni mnyama gani. Usiniambie kuogopa. Sasa ni saa sita na dakika arobaini. Ukinyamaza dakika ishirini tu, umemaliza ulichoanza, na hakuna atakayejua jeraha liko wapi. Nafasi yake itakuwa wazi. Picha itatolewa. Mama yako atabaki na mtoto mmoja. Ni wewe tu na mdomo wako."

Koplo mlangoni alisahau kutafuna kijiti chake.

Mikono ya Dada ilikuwa juu ya bati. Akavua ufunguo shingoni, akauweka katikati.

"Kombe kubwa," alisema hatimaye. "La kahawia, lenye mdomo mpana. Nilimlaza humo usiku ndani ya ndoo. Asubuhi nikaliweka kwenye beseni la kuoshea."

"Jeraha."

"Makombe tunayaosha kwa kuingiza dole gumba ndani, kutafuta mchanga uliobaki. Hatuvai glavu, ukivaa husikii mchanga. Mimi nilimfundisha hivyo." Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali. "Dole gumba la kulia. Upande wa ndani, chini ya kucha. Mwambie aangalie chini ya kucha."

Inspekta alikuwa ameshaipiga simu. Akarudia maneno hayo hayo, neno kwa neno. Akasubiri. Upande wa pili taa iliwashwa, kitu cha chuma kikaanguka kwenye sahani, nesi akasema jambo.

"Nimeiona," Daktari alisema. "Kama kichwa cha pini. Nani angeangalia pale? Hatoki kwenye mashine mtu hapa. Yule mama mwingine natafuta gari la kumpeleka hospitali ya rufaa sasa hivi."

Inspekta akaweka simu mezani. Ndipo akajiruhusu kuegemea kiti.

"Atapona?" Dada aliuliza.

"Daktari anasema atapona. Ubongo ni mzima. Tangu jana yuko macho, ila mwili umefungwa. Anasikia."

Uso wa Dada ulibadilika rangi, ukawa wa majivu.

"Anasikia nini?"

"Kila kinachosemwa pembeni ya kitanda."

"Tangu jana?" Aliinuka, akakaa tena. "Mama alipokwenda kunawa usiku nilimwambia Kipenzi. Nilijua hayupo. Nilimwambia kila kitu, pweza, kombe, kila kitu. Nikamwambia, 'Nisamehe, lakini sasa na mimi Mama ataniona.'"

"Ataamka nayo, basi. Shahidi wako ni yeye."

"Na Mama." Sauti ya Dada ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Alipotoka kunawa, alinikuta nimemshika Kipenzi mkono. Akasema, mbele yangu, 'Mungu angeniacha nichague mwenyewe, angemchukua huyu akaniachia wewe.' Akisema 'huyu' alinigusa hapa begani. Basi na hilo amelisikia."

Inspekta alikuwa amezoea maungamo. Hilo hakuwa na mahali pa kuliandika. Akamwonyesha Koplo pingu kwa kichwa, akachukua mkoba wake.

*

Hospitalini mama yao alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amejifunika kitenge, mkono wa Kipenzi umo ndani ya mikono yake miwili. Mashine ilikuwa inavuta na kusukuma. Alipomwona Inspekta akasimama.

"Wamesema mwanangu anapona. Ni kweli, afande? Na nani alimfanyia hivi? Ni yule mume wake?"

"Siyo mume. Naomba tutoke nje, mama yangu, tuongee."

"Nitoke nje kwa nini? Niambie hapa hapa."

"Ni dada yake."

Mama yule alivuta kitenge begani. Halafu akapandisha sauti, sauti iliyowasimamisha manesi korido nzima. "Nilijua! Nilijua huyo mtoto ana moyo mweusi! Tangu mdogo! Mimi sina mtoto huko, mtoto wangu ni huyu hapa mmoja, yule namwachia serikali, mimi—"

"Mama." Daktari alikuwa ameingia kwa nyuma na faili mkononi. "Punguza sauti, tafadhali. Mgonjwa anasikia."

"Anasikia? Kipenzi wangu anasikia?" Akamgeukia kitandani, furaha ikamjaa uso. "Tangu sasa hivi?"

"Tangu jana asubuhi, mama. Hajapoteza fahamu hata dakika moja. Kila neno lililosemwa humu analo."

Furaha ile ilikaa usoni kwa mama kwa muda mfupi, kisha ikaanza kuondoka kidogo kidogo, jinsi alivyokuwa anakumbuka. Alimtazama Inspekta, akatazama kiti cha pili kilichokuwa upande wa pili wa kitanda, kiti alichokuwa amekalia mwanawe mkubwa usiku kucha. Akauinua mkono taratibu, akajiziba mdomo.

Kitandani, kwenye pembe ya jicho ambalo halikupepesa, chozi lilijaa, likashuka mpaka sikioni, na hakuna aliyelifuta.